UZI: Wakorea na barafu, siri iko kwenye kona

MjukuuWaMsasani:

Wakuu, habari za jioni. Kule kwenye uzi wa Olimpiki niliropoka kwamba nitaandika kuhusu Wakorea na barafu, nikadaiwa wiki nzima kama mtu aliyechukua mkopo wa kausha damu. Haya, leo nimekaa. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite njia.

Nilikaa Korea Kusini miaka minne na nusu kwa masomo. Nilipofika sikujua chochote kuhusu barafu zaidi ya ile ya kuwekea samaki pale Feri. Februari 2018 Olimpiki ya majira ya baridi ikaja kwao, PyeongChang, na michezo ya viatu vya barafu ikawekwa mji wa pwani wa Gangneung. Mimi nilikuwa mbali, kwenye kimgahawa cha supu karibu na chuo, natafuta joto tu.

Kwenye TV kulikuwa na nusu fainali ya wanawake ya kupokezana, mita 3000. Ni raundi 27 kwenye kiuwanja kidogo. Mara msichana wa Korea, Lee Yu-bin, akaanguka. Zilikuwa zimebaki raundi 23. Mgahawa mzima kimya, kijiko changu kiko hewani. Yule binti hakusimama, hakushika kichwa. Akiwa bado anateleza kwa tumbo alinyoosha mkono, mwenzake Choi Min-jeong akaugusa, akaondoka. Wenzao walikuwa wameshakwenda zao.

Nikajua hapo basi, tulipe supu tuondoke. Wakuu, waliwafuata mmoja baada ya mwingine, wakamaliza wa kwanza, tena kwa rekodi ya Olimpiki: dakika 4 na sekunde 6.387. Yaani umeanguka na bado umevunja rekodi. Siku kumi baadaye wakachukua dhahabu yenyewe.

Kilichonishangaza zaidi ni mama mwenye mgahawa. Mimi nimesimama juu ya kiti, yeye anafuta meza. Akanitazama, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa: "Kula, supu inapoa." Kwake ilikuwa kama mtu wa Arusha kuona mlima Meru asubuhi. Tangu siku hiyo nikaanza kuuliza maswali, na uzi huu ndio majibu niliyoyaokota.

---

BintiKisosora:

Siti ya mbele kabisa, karanga mkononi. Ila kaka, anza na sisi wa chekechea. Mimi najua kule kuna wanaocheza na muziki wamevaa magauni ya kumetameta, na kuna wanaokimbia wameinama kama wanatafuta sarafu iliyodondoka. Hao wa kupokezana ni wapi tena?

---

MjukuuWaMsasani:

Dada, hujakosea, ila hao walioinama wako wa aina mbili.

Kuna mbio ndefu, yaani za uwanja mrefu wa mita 400 kama wa riadha. Wanatoka wawili wawili, kila mtu na njia yake, na unachoshindana nacho ni saa. Halafu kuna shoti treki, ambayo ndiyo nyumbani kwa Wakorea. Eneo lake ni mita 60 kwa 30 tu, ukubwa wa uwanja wa magongo ya barafuni. Mzunguko mmoja ni mita 111.12. Wanaanza wote kwa pamoja, hakuna njia ya mtu, unapita unapopata upenyo ilimradi usimsukume mwenzio. Saa haina maana sana, wa kwanza ni wa kwanza. Ni daladala za Kariakoo saa kumi na mbili jioni, ila dereva ana wembe miguuni.

Sasa chora huo mzunguko kichwani. Sehemu iliyonyooka ni fupi mno, ukipiga hatua mbili tatu kona imefika. Kwa hiyo anayeshinda si mwenye mbio, ni mwenye kona. Hapo ndipo kichwa cha uzi kilipotoka.

Wanazunguka kuelekea kushoto tu, maisha yao yote ya mchezo. Chuma cha chini ya kiatu hakikai katikati ya soli, kimesogezwa upande wa kushoto, na chenyewe kimepindwa kidogo kufuata kona. Mwili unalala hadi mkono wa kushoto unapapasa barafu. Glovu ya kawaida ingenasa, ikakupindua. Ndiyo maana ncha za vidole vya glovu hupakwa gundi ngumu inayokauka kama kioo, ziteleze. Wakorea wanaziita glovu za chura, na sifa ya kuzibuni wanampa Kim Ki-hoon.

Huyo Kim Ki-hoon mkariri. Albertville, Ufaransa, 1992: dhahabu ya mita 1000, na hiyo ndiyo dhahabu ya kwanza kabisa ya Korea Kusini kwenye Olimpiki ya baridi. Akaongeza ya kupokezana mita 5000, ambayo raundi ya mwisho walikuwa bega kwa bega na Kanada. Kwenye mstari Kim akatupa mguu mbele, wakashinda kwa sekunde 0.04. Kwenye riadha wanapima kifua, huku wanapima ncha ya chuma cha kiatu. Sheria ilikuwa wazi kwa kila mtu, ila Wakorea ndio walioigeuza kuwa silaha. Nagano 1998, fainali za mita 1000, wanaume na wanawake, Kim Dong-sung na Chun Lee-kyung wote wawili walishinda kwa kutupa mguu hivyohivyo mstarini, na wote wawili waliowaacha midomo wazi walikuwa Wachina.

Hadi Beijing 2022 walikuwa na dhahabu 26 za shoti treki peke yake.

---

Fundi_Redio:

Mkuu, simulizi tamu, ila usitupige kamba. Nchi ina baridi ya kuua nzi, mtoto anazaliwa anakanyaga barafu. Siri iko wapi hapo? Sisi tukipewa miezi mitatu ya barafu kila mwaka Mbulu na Makete watatoa mabingwa. Hawa wana jokofu la bure, kwisha habari.

---

MjukuuWaMsasani:

Fundi, ngoja nikujibu kwa tarehe.

Wakorea walikwenda Olimpiki ya baridi kwa jina lao wenyewe mara ya kwanza 1948, St. Moritz, Uswisi, na wachezaji watatu wa mbio ndefu. Medali yao ya kwanza ya rangi yoyote ilikuja lini? 1992, Kim Yoon-man, fedha ya mita 1000 mbio ndefu, akipitwa kwa sekunde 0.01 tu. Hiyo ni miaka 44. Jokofu la bure lilikuwepo miaka yote hiyo 44, mbona halikutoa kitu?

Kilichobadilika ni mchezo wenyewe. Shoti treki ilijaribiwa Calgary 1988, ikaingia rasmi Albertville 1992. Kwenye mbio ndefu, Waholanzi na Wanorwe walikuwa na babu na babu wa babu kwenye barafu. Unamkuta mtu ana karne ya ujuzi mbele yako. Kwenye shoti treki ya Olimpiki hakukuwa na babu wa mtu. Wote mlianzia sifuri. Halafu uwanja wa mita 400 ni gharama na unakula ardhi. Viwanja vya namna hiyo Korea vilihesabika, na hata ule maarufu wa Taereung pale Seoul uliezekwa paa mwaka 2000 tu. Lakini kiuwanja cha mita 60 kwa 30 kinaingia hata ndani ya jengo la burudani.

Yaani walitazama meza yote, wakaona kiti kimoja kiko wazi, wakakaa.

Na si walikaa tu, waling'ang'ania. Kabla ya 2018 hakuna Mkorea wa Kusini hata mmoja aliyewahi kupata medali ya Olimpiki ya baridi bila viatu vya barafu miguuni. Milima wanayo, theluji wanayo, ila wa kuteremka na skii hakuna aliyepanda jukwaani. Baridi ingekuwa ndiyo jibu, ingewapa na hizo.

---

KamauWaSouthB:

Nimeingia kutoka Nairobi, wasee. Fundi_Redio hii hoja yako hata sisi tunaambiwa kila siku: eti Wakenya wanashinda juu ya kukaa milimani. Ethiopia wako na milima, Nepal wako na milima, lakini ile mbio ya wanaume ya kuruka viunzi na maji tulichukua dhahabu kila Olimpiki tuliyoenda kutoka 1968 mpaka 2016. Mtu anachagua kitu moja anakiweka kuwa kazi ya kijiji.

Swali kwa mwenye uzi: kwetu kuingia timu ya taifa ni ngumu kuliko kushinda huko nje. Bingwa wa dunia anaweza kubaki nyumbani. Korea iko hivyo?

Na kwa taarifa yenu, barafu tuko nayo pia. Hoteli ya Panari, Mombasa Road, ilifungua kiwanja cha barafu 2005, na kuna vijana wa magongo wanajiita Ice Lions. Mimi nilienda mara moja na mpenzi wangu. Nilitoka na goti limevimba, yeye alitoka na namba ya mwalimu. Tuwachane na hiyo.

---

BintiKisosora:

Kamau 😂😂 pole baba, hiyo nayo ilikuwa kona, na ulipitwa kwa nje.

---

MjukuuWaMsasani:

Kamau umegonga palepale. Mchujo wa timu ya taifa ya shoti treki Korea ni balaa kuliko Olimpiki yenyewe. Medali zako za zamani hazikusaidii sana siku ukiteleza vibaya. Wanafanana na wenzao wa upinde na mshale, nao hivyohivyo. Na kila kijana anajua kilicho nyuma ya pazia: kwa mwanaume, medali ya Olimpiki ya rangi yoyote, au dhahabu ya michezo ya Asia, inakuondolea ule utumishi wa jeshi wa mwaka na nusu hivi ambao wenzio wote wanaupiga. Unabaki na mafunzo ya wiki chache. Halafu kuna posho ya kila mwezi kwa wenye medali, maisha yote. Kwa hiyo sekunde 0.04 si mchezo, ni miezi kumi na minane ya ujana wako.

Nimeulizwa faragha walianza lini. Majibu mengi niliyapata kwa bibi mwenye nyumba niliyopanga. Nilikuwa namwita halmoni, yaani bibi. Alikulia Seoul miaka ya sitini. Akaniambia mto Han ulikuwa ukiganda kabisa, watu wanauvuka kwa miguu, vijana wanateleza juu yake, hata mashindano ya taifa yalifanyika palepale mtoni. Mashambani wakulima waliyajaza maji majaruba ya mpunga yaliyokwisha kuvunwa, usiku yanaganda, asubuhi watoto wana kiwanja. Asiye na viatu, na wengi hawakuwa navyo, anapanda sseolmae: ubao wa kukalia, chini yake waya au vyuma viwili, mikononi vijiti viwili vyenye msumari, unajisukuma umekaa. Nilipoiona makumbusho nilimkumbuka yule mlemavu wa miguu wa soko letu la zamani na kibao chake cha magurudumu; ufundi ni uleule.

Na barafu yenyewe ilikuwa mali ya serikali ya mfalme. Seoul kuna mitaa inaitwa Seobinggo na Dongbinggo. Tafsiri yake ni ghala la barafu la magharibi na la mashariki. Enzi za Joseon, ufalme wa zamani wa Korea, walikata barafu mtoni wakati wa baridi, wakaihifadhi humo hadi kiangazi, kwa matambiko na kwa jiko la ikulu.

Viatu vya chuma vilikuja na wageni. Miaka ya 1890 wamisionari na wazungu wengine wa Seoul waliteleza kwenye bwawa la kasri la Gyeongbokgung, lile lenye kibanda cha Hyangwonjeong katikati, mfalme Gojong na malkia wake wakitazama. Ukienda leo bwawa lipo. Nilisimama pale Januari, limeganda kweli, na kuna kibao cha kukataza kukanyaga.

Halafu Wajapani wakaitawala Korea, 1910 hadi 1945. Olimpiki ya 1936 kule Garmisch-Partenkirchen, Ujerumani, Wakorea walikuwepo kwenye mbio ndefu, akiwemo Kim Jeong-yeon, ila kifuani bendera ya Japani. Halmoni alipofika hapo alinyamaza, akaenda kukoroga chungu. Sikumuuliza zaidi.

---

Sheikh_wa_Bububu:

Assalam aleikum. Uzi mzuri. Umesema "Mkorea wa Kusini". Wa Kaskazini je? Au wao wanarusha makombora tu?

---

MjukuuWaMsasani:

Waaleikum salaam sheikh wangu. Umeuliza swali ambalo nilikuwa naliweka kiporo.

Kaskazini walipata medali ya barafu kabla ya Kusini, tena kwa miaka 28. Innsbruck, 1964, mita 3000 mbio ndefu: binti anaitwa Han Pil-hwa akachukua fedha, amelingana muda na Mrusi mmoja. Hakuna mwanamke wa Asia aliyewahi kupata medali ya Olimpiki ya baridi kabla yake.

Sasa sikia. Huyu dada alikuwa na kaka, Han Pil-sung, ambaye wakati wa vita vya Korea alikimbilia Kusini, familia ikabaki Kaskazini. Mpaka ukafungwa. Hakuna barua wala salamu. 1971 dada akaja Japani kwa mashindano, kaka kule Seoul akatambua kwamba yule wa kwenye habari ni mdogo wake. Wakaunganishwa kwa simu. Simu tu! Wakalia kwenye waya, watu wakawasikiliza, lakini kukutana uso kwa uso kukashindikana kwa siasa za wakubwa.

Wakaonana lini? 1990, Sapporo, michezo ya Asia ya majira ya baridi. Dada kaja kama kiongozi kwenye msafara wa Kaskazini, kaka kaenda kumsubiri. Miaka karibu arobaini tangu waachane. Halmoni aliiona kwenye TV siku hiyo. Aliponisimulia alikuwa anamenya vitunguu saumu, na vitunguu saumu havitoi machozi.

---

Sheikh_wa_Bububu:

La ilaha illallah.

---

MamaZuwena:

Nimesoma kimyakimya tangu mwanzo, ila mnaongelea barafu ya Korea hadi ukurasa wa pili bila kumtaja Kim Yuna? Wanaume nyie mna laana.

Nilimwona 2010 kwenye TV ya saluni Mwanza, nimeshonwa nywele nusu, nikamwambia binti asimamishe. Sijawahi kuona mtu anaruka kama ameitwa juu. Mwenye uzi lete habari zake.

---

MjukuuWaMsasani:

Mama Zuwena nisamehe, nilikuwa namwekea zulia.

Kim Yuna alizaliwa 1990 Bucheon, akakulia Gunpo, miji ya pembeni ya Seoul. Kumbuka nilichosema: nguvu zote za barafu zilikuwa kwenye kona. Kwenye madoido, yaani ule wa muziki na magauni, Korea haikuwa na medali hata moja ya Olimpiki, wala kiwanja maalumu. Alifanyia mazoezi kwenye viwanja vya watu wa kawaida, usiku wakishaondoka waliolipa kiingilio, na viatu vilivyomuumiza. Baadaye akahamia Kanada kwa kocha Brian Orser.

Vancouver 2010, ana miaka 19, alipata pointi 228.56. Wa pili, Mao Asada wa Japani, alipata 205.50. Na Asada alitua ile miruko yake migumu yote mitatu. Pengo la pointi 23 kwa mtu aliyetua yote hiyo! Ongeza kwamba ni Mkorea na Mjapani, umri uleule, wamelinganishwa tangu utoto. Nchi nzima ilisimama.

Sochi 2014 alicheza bila kosa linaloonekana kwa macho ya kawaida akapewa fedha, 219.11, nyuma ya Adelina Sotnikova wa Urusi aliyepata 224.59. Ukitaka kugombana na Mkorea, mwambie matokeo yale ni halali. Saini zaidi ya milioni moja zilikusanywa mtandaoni, chama chao kikapeleka malalamiko, yakatupwa. Mimi nimeiangalia mara nyingi. Sotnikova aliweka miruko mizito zaidi, hilo mpeni. Lakini zile pointi za usanii alizozawadiwa siku ile, na kabla ya hapo hakuwa akizipata popote, mimi hazinishuki kooni.

Na jambo moja la kuunganisha na sheikh: ufunguzi wa PyeongChang 2018, wasichana wawili wa timu ya pamoja ya magongo, mmoja wa Kaskazini mmoja wa Kusini, walipanda ngazi ndefu na mwenge. Juu kabisa kulikuwa na kipande kidogo cha barafu, na aliyekuwa akiteleza juu yake akiwasubiri apokee mwenge na kuwasha moto alikuwa Yuna.

Watoto walioingia kwenye mchezo baada ya kumwona wanaitwa kizazi cha Yuna. Mashindano ya dunia ya 2023 Saitama, Cha Jun-hwan kwa wanaume na Lee Hae-in kwa wanawake, fedha zote mbili.

---

Kandanda_Damu:

Mimi mtu wa mpira, barafu siielewi, ila nakumbuka Kombe la Dunia 2002 Ahn Jung-hwan aliwafunga Marekani kwa kichwa, halafu wachezaji wa Korea wakakimbilia pembeni wakaanza kutembea wameinama wanatupa mikono huku na huku. Tulidhani ni ngoma yao. Inahusiana?

---

MjukuuWaMsasani:

Hahaha! Kandanda, inahusiana kuliko unavyodhani. Ile ilikuwa shoti treki.

Februari mwaka huohuo, Salt Lake City, fainali ya mita 1500. Kim Dong-sung, yule wa kutupa mguu, alivuka mstari wa kwanza. Mmarekani Apolo Anton Ohno nyuma yake alikuwa ameinua mikono juu kama mtu aliyezibiwa njia. Mwamuzi akamwondoa Kim, dhahabu akapewa Ohno. Kim alikuwa tayari ameshika bendera ya nchi anazunguka nayo, ikamdondoka. Korea ikawaka.

Miezi minne baadaye, tarehe 10 Juni, uwanja wa Daegu, Korea na Marekani. Ahn akasawazisha, 1-1, wakaenda kuteleza kwenye nyasi, na Lee Chun-soo akaigiza kuinua mikono ya Ohno. Nyie mlidhani ngoma. Uwanja mzima ulijua wanachezea nini.

---

Fundi_Redio:

Nimerudi. Tarehe zako nimezikubali, ile ya miaka 44 imenikalia. Lakini sifa zimezidi, mkuu. Mashine inayotoa dhahabu 26 lazima inasaga na watu. Tueleze na pumba, si unga tu.

---

MjukuuWaMsasani:

Fundi, hapo sibishi hata kidogo.

Chukua Ahn Hyun-soo. Torino 2006: dhahabu tatu, shaba moja. Mtoto wa ajabu. Lakini timu ilikuwa imegawanyika kwa makundi ya makocha na vyuo, hadi yeye akawa anafanya mazoezi na kocha wa wanawake. Waliporudi kutoka mashindano ya dunia, baba yake alitifuana na kiongozi wa chama uwanja wa ndege wa Incheon, mbele ya kamera. 2008 akaumia goti, akakosa Vancouver. Timu ya mji iliyokuwa ikimlipa ikavunjwa. Mwaka 2011 akachukua uraia wa Urusi na jina la Viktor, akisema ni kwa heshima ya Viktor Tsoi, mwanamuziki wa Kisovyeti mwenye asili ya Korea.

Sochi 2014 akiwa Mrusi: dhahabu tatu, shaba moja. Hesabu ileile! Wanaume wa Korea kwenye shoti treki mwaka huo: sifuri. Mngedhani Wakorea wangemtukana. Wengi waliwatukana viongozi wa chama. Beijing 2022 akawa kwenye benchi la makocha wa China.

Halafu lililo zito zaidi. Shim Suk-hee, bingwa wa kupokezana 2014 na 2018. Januari 2019 ilijulikana hadharani kwamba amemshtaki kocha wake wa tangu utotoni, Cho Jae-beom, kwa kumnajisi kwa miaka, kuanzia akiwa bado mwanafunzi wa sekondari. Mwanaume huyo alikuwa tayari amehukumiwa kwa kumpiga. Mahakama ikampa miaka kumi na nusu, rufaa ikaipandisha hadi 13. Sasa rudi kwenye ile nusu fainali ya mgahawani. Shim alikuwa mmoja wa wale wanne. Mimi nimesimama juu ya kiti napiga makofi, sijui kitu.

Ndiyo maana tangu hapo siwezi kuitazama ile video kwa furaha ileile. Naitazama, lakini namtafuta yeye kwanza.

---

MamaZuwena:

Nimesoma hiyo aya mara mbili. Nina binti anayecheza netiboli shuleni. Kesho naenda mazoezini kwao kukaa kwenye benchi, wanione tu.

---

KamauWaSouthB:

Sawa kabisa Mama Zuwena.

Kitu kingine, mwenye uzi: kwa mbio ndefu Wakorea hawakuwahi kujaribu tena baada ya huyo wa 0.01?

---

MjukuuWaMsasani:

Walirudi kwa kishindo, Kamau, Vancouver 2010. Mo Tae-bum na Lee Sang-hwa dhahabu za mita 500, na Lee Seung-hoon dhahabu ya mita 10,000. Huyu Seung-hoon ni mtu wa kona aliyehamia mbio ndefu baada ya kushindwa mchujo wa shoti treki, na alipata bahati: Sven Kramer wa Uholanzi alimaliza mbele yake ila kocha wake alimwelekeza njia isiyo yake, akaondolewa.

Lee Sang-hwa alirudia dhahabu Sochi, na sekunde 36.36 alizoweka Novemba 2013 zilikaa kama rekodi ya dunia kwa zaidi ya miaka kumi. PyeongChang nyumbani kwao, Nao Kodaira wa Japani akamshinda. Lee analia, bendera mkononi, na Kodaira badala ya kwenda kusherehekea akamsubiri, akamkumbatia, wakateleza pamoja taratibu. Halmoni, ambaye kwa habari za Japani huwa ana neno, safari hii alisema tu, "Yule binti kalelewa."

---

BintiKisosora:

Kaka, swali la mwisho kabla sijalala. Wewe mwenyewe ulijaribu? Usituletee ya vitabuni.

---

MjukuuWaMsasani:

Nilijaribu, dada. Mbele ya ukumbi wa jiji la Seoul wanaweka kiwanja kila majira ya baridi. Kiingilio won 1,000 pamoja na viatu na helmeti, haifiki hata bei ya chai kule. Nilikwenda usiku nikidhani hakuna watu. Kulikuwa na jiji zima.

Mstari ulionyooka niliuweza baada ya nusu saa, nimeshika ukingo. Nikajiona bingwa, nikaachia. Kona ikaja. Miguu ikaenda Kariakoo, kiwiliwili kikabaki Posta. Nikiwa chini akaja mtoto wa kike, miaka sita au saba, helmeti kubwa kuliko kichwa, amefunga mikono mgongoni kama mwalimu mkuu. Akanizunguka raundi nzima akinikagua, akasimama, akaniambia: "Ajossi, kunja magoti."

Ajossi ni kama kusema mjomba. Nilikunja. Nikaanguka tena, ila upande wa kushoto, akaitikia kwa kichwa, akaondoka zake.

---

Fundi_Redio:

Upande wa kushoto. Hapo umeanza kuwa Mkorea.